Maswali ya Mafundi Kuhusu Mtandao wa Ofisi na Hifadhi Pepe

Swali linaloongoza ni hili: mbona mashine pepe zimekuwa nzito, ilhali prosesa ya seva inatumika asilimia 20 tu na RAM ipo ya kutosha? Mara nyingi tatizo liko kwenye diski. Seva ikibeba mashine pepe 30, zote zinasoma na kuandika kwenye hifadhi ileile kwa wakati mmoja, na kila moja inajiona ina diski yake peke yake. Diski ya kawaida inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humudu maombi kama 75 hadi 100 kwa sekunde. Ndiyo maana nafasi inaweza kuwa tele, terabaiti kwa terabaiti, huku uwezo wa kuhudumia maombi ukiwa umekwisha zamani. Usianze na grafu ya nafasi iliyobaki. Anza na muda ambao kila ombi linasubiri. Ukiona milisekunde 20 na zaidi zinadumu, basi watu wa uhasibu wameshaanza kupiga simu.

Diski zikiwa hazina neno, kagua njia. iSCSI, iliyosanifishwa mwaka 2004, hupitisha maagizo ya diski juu ya Ethaneti ya kawaida, na ofisi zisizo na bajeti ya Fibre Channel zina haki ya kuichagua. Kosa ni kuipitisha kwenye VLAN moja na kompyuta za wafanyakazi. Ipe VLAN yake, na fedha zikiruhusu, swichi zake mbili. Laini ya gigabiti 1 haizidi megabaiti 125 kwa sekunde hata kwenye karatasi, wakati SSD moja ya SATA inaweza kutoa zaidi ya mara nne ya hapo. Kufunga kebo mbili pamoja kwa LACP hakusaidii sana hapa, kwa sababu muunganisho mmoja hubaki kwenye kebo moja. Iache iSCSI itumie njia mbili zinazojitegemea, kila moja kupitia swichi yake.

Halafu kuna fremu kubwa, zile za baiti 9,000 badala ya 1,500. Zinasaidia, lakini kila kifaa njiani lazima kizikubali: kadi ya seva, swichi pepe, swichi yenyewe, na mlango wa hifadhi. Kimoja kikisahauliwa, dalili zinapotosha. Ping inajibu vizuri, hifadhi inaonekana, kisha ukianza kunakili faili kubwa kila kitu kinaganda. Kwenye Linux andika ping -M do -s 8972 na anwani ya hifadhi. Hiyo 8,972 ni 9,000 ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP, na -M do inakataza pakiti isikatwe vipande. Ikigoma hapo lakini ikapita kwa 1472, kuna kifaa njiani ambacho hakijawekewa 9,000. Fanya jaribio hili kabla ya kuweka mashine hata moja.

Jambo linaloangusha ofisi nyingi ni kugawa nafasi kwa ahadi, kule ambako kwenye menyu kunaitwa thin. Una terabaiti 10, umeziahidi mashine pepe terabaiti 18, ukitumaini hazitajaa zote pamoja. Si dhambi, ila inataka ulinzi. Nafasi halisi ikiisha, mashine husimama au uandishi hukataliwa, na hifadhidata iliyokatwa katikati inaweza kuharibika. Weka tahadhari kwenye asilimia 75. Jua pia kwamba kufuta faili ndani ya mashine pepe hakurudishi nafasi mara moja: mpaka mfumo wa ndani utume amri ya kuiachilia, hifadhi inaendelea kuihesabu kuwa imetumika.

Snapshoti ni ndugu wa tatizo hilo. Inaitegemea diski ya awali, kwa hiyo diski hiyo ikifa inakwenda nayo. Na kadiri inavyokaa ndivyo inavyovimba. VMware imekuwa ikishauri moja isizidi saa 72, na ushauri huo unafaa kwa mfumo wowote. Piga kabla ya kusasisha, hakikisha mambo yako sawa, ifute.

RAID 5 inatosha? Kwa diski kubwa za leo, mimi nasema hapana. Kujenga upya diski ya terabaiti 16 kwa megabaiti 200 kwa sekunde huchukua takriban saa 22, tena kama hakuna mtumiaji hata mmoja. Diski ya pili ikifa katika saa hizo, umepoteza vyote. RAID 6 huvumilia diski mbili. Wala hakuna RAID inayomzuia mtu kufuta folda, au kirusi cha kudai fidia kuifunga.

Kwa hiyo nakala rudufu ziwe tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Moja ibaki karibu. Mwezi Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na kwa majirani, na mwenye nakala zake zote ng'ambo alibaki kusubiri. Hata kebo zikiwa nzima, kurudisha terabaiti 10 kwa laini ya megabiti 100 ni zaidi ya siku tisa.

Tangu Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu, wengi wanauliza kuhusu Proxmox, inayotumia KVM ya Linux. Kwa ofisi ndogo yenye fundi anayeijua Linux, nenda, ila anza na mashine zisizo muhimu. Zile za Windows ziwekee madereva ya virtio kabla ya kuzihamisha, la sivyo huenda zikakwama zinapowaka.

Na umeme ukikatika kisha ukarudi? Usiwashe vyote kwa pamoja. Swichi kwanza, halafu hifadhi mpaka itulie, kisha seva, kisha mashine ya DNS, hifadhidata, na programu mwishoni. Anwani za IP na nywila za dharura ziandikwe kwenye karatasi na kufungiwa kabatini, kwa sababu faili la nywila lililo ndani ya mashine pepe iliyozimika halifunguki.