Picha Nayo Ijaribiwe

Somo: Kutoka 23:1, 1 Wathesalonike 5:21

Mwezi Machi 2023 ilienea picha ya marehemu Papa Fransisko amevaa koti jeupe kubwa la baridi. Wengi wetu tulicheka, na wengine tukamhukumu kwa anasa. Kumbe hakulivaa kamwe: picha ilitengenezwa kwa programu ya kompyuta iitwayo Midjourney.

Tungeitambuaje? Kwanza, tuangalie mikono: vidole vyake havikukishika vizuri kile alichobeba. Pili, vitu vidogo: mkufu wa msalaba ulionekana upande mmoja tu. Tatu, tuulize: ni nani aliyeipiga, wapi, na lini?

Lakini mashine zinazidi kujifunza, na dalili za mikono zinapungua. Swali la tatu ndilo litakalodumu. Tusipopata jibu, tusiipeleke kwa mwingine. Aliyeitengeneza ni mmoja. Tulioieneza ni wengi, na jina la mtu likiisha kuchafuka halisafishwi kwa kufuta picha.

Maswali ya kujadili:

1. Ni picha gani tumewapelekea wenzetu juma hili bila kuuliza?

2. Picha ikimchafua jirani tusiyempenda, je, tutaichunguza kwa bidii ile ile?