Mudiri anataka nifunge mwaka, mama anataka nikae nyumbani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mhasibu katika kampuni moja ya Ruwi, nakaa Al Khoud, na nina mimba ya wiki 32. Daktari ameniandikia tarehe 4 Januari. Huyu ni mtoto wa pili. Wa kwanza nilimzaa mwaka 2020, nikapewa siku 50, nikarudi kazini mtoto hata shingo haijamkaza.

Kampuni yetu hufunga hesabu tarehe 31 Disemba, na mwaka huu ni wa nne mimi kuzishika. Mudiri wangu si mtu mbaya. Lakini wiki iliyopita, mbele ya wenzangu, alisema: "Tunakutegemea wewe. Tufungie mwaka, halafu nenda hata miezi minne." Watu wakacheka, nami nikacheka. Hakuniuliza kitu, nami sikumjibu kitu. Kuna nafasi ya mhasibu mkuu itakayojazwa mwakani, na kila mtu anajua kuwa naitaka.

Mama yangu anasema mwezi wa nane ukishaingia nikae nyumbani. Binamu yake wa Dar es Salaam alianza likizo wiki nne kabla. Mwenzangu wa ofisini anasema alifanya kazi mpaka chupa ikapasuka, ndiyo maana akapata siku zake zote na mwanawe. Mume wangu nikimuuliza hujibu, "Utakavyoona wewe," na hilo linaniudhi kuliko yote. Jioni miguu huvimba. Usiku silali, nahesabu siku. Nimebakiwa pia na siku 16 za likizo ya mwaka, sijui nizifanyie nini.

Nianze likizo lini, na mudiri nimwambieje?

Mhasibu, Al Khoud

Marahaba, mwanangu.

Nianze na tarehe, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Siku yako ya mwisho ofisini iwe Alhamisi, tarehe 18 Disemba. Wiki ya kufunga hesabu isikukute Ruwi. Lakini likizo ya uzazi usiianze siku hiyo.

Sheria ya kazi ya Oman iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 53 ya mwaka 2023 imekupa siku 98 kwa mshahara kamili, karibu mara mbili ya zile ulizopewa mwaka 2020. Ni wiki 14, kiwango kilekile cha chini kilichowekwa na mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000. Kati ya siku hizo, zinazoweza kutangulia kujifungua hazizidi 14, tena kwa pendekezo la daktari. Zilizobaki ni za baada ya mtoto kufika. Binamu ya mama yako hakukosea: sheria ya Tanzania Bara inampa mama siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamruhusu kuanza wiki nne kabla ya tarehe anayotarajiwa. Ila hiyo ni sheria ya huko. Sisi tuna jamaa pande zote mbili za bahari, na nimeona wanawake wengi wakipanga mambo ya Maskati kwa sheria waliyosimuliwa na ndugu aliyeko Unguja au Mombasa, kisha wakaja kushangaa mbele ya karani.

Tupige hesabu pamoja. Ukianza likizo ya uzazi Jumapili tarehe 21 Disemba, siku 14 zitakwisha kabla ya tarehe ya daktari, utabaki na 84 za kukaa na mtoto, na Jumapili tarehe 29 Machi utatakiwa kazini. Ukiianza siku ya kujifungua, na mtoto akaja tarehe 4 Januari kama alivyoandikiwa, utarudi tarehe 12 Aprili. Wiki mbili hizo, mtoto ana miezi mitatu, mwanamke haziachi hivihivi. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, kwa yule wa kwanza.

Basi hizo siku 16 za likizo ya mwaka ndizo za kutanguliza. Omba 14, kuanzia tarehe 21 Disemba hadi tarehe 3 Januari. Mbili zikae akiba, mtoto akichelewa. Akiwahi, likizo ya uzazi ianze siku atakayozaliwa, na siku za mwaka ambazo hujazila uombe zirudishwe kwenye hesabu yako. Liandike hilo ndani ya barua ya maombi tangu sasa, kwa maana hakuna atakayelikumbuka ukiwa wodini.

Mwenzako aliyekaa ofisini mpaka chupa ikapasuka simlaumu. Alikuwa akizilinda siku zake, na katika hilo ana haki. Wazee wetu husema kaburi la mzazi hukaa wazi siku arubaini, na wakunga wa hospitali nao wanakubali kwa lugha yao: kutoka damu nyingi, presha kupanda, homa ya uzazi, yote hayo huweza kumpata mama katika wiki sita za baada ya kujifungua. Siku za baada ndizo za kulindwa. Ninachokataa ni njia aliyotumia kuzilinda. Tarehe 21 Disemba wewe utakuwa na wiki 38 kamili. Mtoto wa wiki hizo anaweza kuja saa yoyote, na uchungu wa mimba ya pili mara nyingi huenda mbio kuliko wa kwanza. Sitaki uchungu ukushike Ruwi saa ya magari kujaa, na Barabara ya Sultan Qaboos yote iko mbele yako mpaka Al Khoud, na usukani umeushika mwenyewe.

Kuhusu miguu, kuvimba kidogo jioni ni jambo la kawaida kwa mja mzito, lakini mwambie daktari ukienda kliniki, akupime presha na mkojo. Uvimbe ukipanda usoni na mikononi, kichwa kikauma kisipoe, macho yakaona ukungu, au mtoto akapunguza kucheza, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Huenda ikawa mwanzo wa kifafa cha mimba, nacho hakijali kama ni mwisho wa mwaka. Na daktari akikuamuru kupumzika mwezi wa Novemba, hiyo ni likizo ya ugonjwa, ina fungu lake. Usikubali mtu wa utumishi akuandikie kuwa ni ya uzazi. Soma karatasi kabla ya kuipeleka, uone imeandikwa nini.

Sasa mudiri. Umesema si mtu mbaya, nami nakuamini. Ametamka mbele ya watu jambo ambalo angelisema faraghani angelazimika kuliuliza, na wewe ukacheka kwa sababu mwanamke mwenye mimba ofisini huwa anaomba radhi mchana kutwa bila kufungua kinywa. Kicheko hicho amekihesabu kuwa ni ndiyo. Kila wiki unayokaa kimya, ndiyo hiyo inazidi kukomaa, na ukija kuikataa tarehe 10 Disemba utaonekana umemgeuka.

Yeye kinachomuumiza kichwa ni hofu ya hesabu kulala. Mpango wake wa sasa ni mbaya hata kwa kampuni: ameyaweka mahesabu ya mwaka mzima mikononi mwa mtu anayeweza kutoweka Jumanne saa nne asubuhi, bila kuaga, kwa wiki 14. Wewe unampelekea mpango ulio bora: tarehe moja inayojulikana, mtu wa kushika nafasi anayejulikana, na wiki tano za kumfundisha. Hivyo ndivyo umwambie, mkiwa wawili, mlango umefungwa, kisha umwachie barua mkononi. Maneno yawe machache: "Siku yangu ya mwisho ni tarehe 18 Disemba. Nimeorodhesha kazi zitakazokwisha kabla sijaondoka na zitakazobaki, na ninapendekeza fulani azishike. Naomba uidhinishe likizo yangu ya mwaka kuanzia tarehe 21." Usimweleze habari za miguu wala usingizi. Usimwambie samahani.

Likizo ya mwaka hupangwa kwa kuangalia na kazi, kwa hiyo mudiri anaweza kuvutana nawe hapo. Akikataa, mwendee daktari umweleze safari yako ya kila siku na saa unazokaa kitini, na ukipata pendekezo lake uzitumie zile 14 za uzazi. Utapoteza wiki mbili za mwisho. Itauma, lakini ni afadhali kuliko kukaa ofisini.

Iwapo ataingiza habari za gharama, ujue jambo moja ambalo wafanyakazi wengi bado hawalijui. Tangu tarehe 19 Julai 2024, mshahara wa likizo ya uzazi hulipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, kwa Muomani na asiye Muomani. Mwajiri huchangia asilimia 1 ya mshahara mwezi kwa mwezi, uzae usizae. Zamani kila siku ya likizo ilikuwa inamtoka yeye mfukoni, na ndiyo maana baadhi yao walikuwa wakiona tumbo wanaona hasara. Uzito huo umeondolewa, na naona ni moja katika mambo mema kabisa waliyofanyiwa wanawake wa nchi hii kazini. Kwa hiyo usiingie chumbani mwa mudiri kama mtu anayekwenda kukopa.

Nafasi ya mhasibu mkuu ndiyo iliyokufanya ucheke siku ile, wala sikulaumu. Sheria imekwisha sema kuwa kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba, kujifungua au kunyonyesha ni kumfukuza bila haki. Kunyimwa cheo ni kugumu zaidi kuthibitisha, kwa kuwa hakuna anayeandika sababu ya kweli. Kwa hiyo kabla ya tarehe 18, uliza mahojiano ya nafasi hiyo yatakuwa mwezi gani, na useme kwa kinywa chako kwamba unaiomba. Yakiangukia Februari, sema utakuja kwa saa moja, au watumie simu. Na ikiwa cheo hicho hupewa yule tu aliyekuwa tayari kuzaa juu ya vitabu vya hesabu, ni heri ulijue hilo mwaka huu, kuliko baada ya kuwatumikia miaka kumi mingine.

Mumeo anaposema "utakavyoona wewe", huenda anadhani anakupa heshima, kumbe anakuachia mzigo. Usimuulize tena anaonaje. Mpe kazi. Baba naye ana siku saba za likizo kwa mshahara, naye akamwarifu mkubwa wake sasa hivi kama unavyofanya wewe. Kuanzia tarehe 1 Disemba awe ndiye anayekupeleka Ruwi na kukurudisha, au atafute wa kufanya hivyo. Na mama yako mwite aje kwako tarehe 21 na mafuta yake ya kukanda. Nafikiri hofu yake yote ni kwamba utajifungua yeye hayupo.

Ukirudi Aprili, inshallah, unayo saa moja kila siku ya kumshughulikia mtoto kwa mwaka mzima, na saa hiyo huhesabiwa kuwa ya kazi. Itaje kwenye barua hiyohiyo, isije ikageuka ombi jipya siku unaporudi na maziwa yamekujaa.

Barua ipeleke Jumapili hii asubuhi, mudiri kabla hajaanza vikao, na nakala yake ubaki nayo nyumbani, usiiache kwenye dawati. Jumatatu mwite huyo utakayemkabidhi, akae ubavuni mwako, muanze na hesabu za benki. Hizo ndizo huchukua muda mrefu kumwingia mtu kichwani, na ndizo atakazokupigia simu kuuliza.