Mkunga Naye Husimamiwa

Watu wengi wakifika wodi ya wazazi na kumkuta mkunga kiongozi ameketi na rundo la karatasi hunung'unika: "Wenzake wanahangaika, yeye anaandika tu." Mwezi huu tuitazame kazi yake hiyo, maana maisha ya mama na mtoto yamo humo.

Mama akishikwa na uchungu wa kweli, mkunga hufuata maendeleo yake kwenye karatasi iitwayo patografu. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa, na mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa 4. Mkunga mwenye akina mama watatu kwa wakati mmoja anaweza kuruka kipimo. Msimamizi akipitia karatasi ataliona pengo hilo, naye atamwita mwenzake kando, si mbele ya mgonjwa.

Kazi hiyo yahitaji muda gani? Huko Uingereza usimamizi wa wakunga ulianzia kwenye sheria ya mwaka 1902. Miaka ya mwisho ya utaratibu huo, msimamizi mmoja alitakiwa kuwa na wakunga wapatao 15, akutane na kila mmoja angalau mara moja kwa mwaka. Yaonekana kazi ndogo: hata wakikaa saa 2, ni saa 30 tu kwa mwaka! Lakini ilibidi pia awepo msimamizi wa kupigiwa simu usiku na mchana, na matukio mabaya yachunguzwe. Wengi wao walikuwa wakunga wa zamu, wakaibeba kazi hiyo juu ya zamu zao. Tena, usimamizi uleule uliomshauri mkunga ndio uliochunguza makosa yake. Sababu hiyo ilichangia utaratibu huo kuondolewa kwenye sheria mwaka 2017.

Kwetu pia mkunga kiongozi mara nyingi huhesabiwa kama mtu wa zamu. Mimi naona saa za usimamizi ziandikwe kwenye ratiba, kama ziandikwavyo zamu za usiku. Zisipoandikwa, dharura ya kwanza huzimeza.

Nanyi akina baba na mabibi mnaosubiri nje, kuuliza "Kiongozi wa zamu ni nani?" si utovu wa adabu. Mkiona mama hajapimwa kwa muda mrefu, mwendeeni huyo, hata kama anaandika.