Saa Tatu Zilizopotea Katika Daftari la Michango



Somo la toleo hili linatokana na jambo lililotufedhehesha mwanzoni mwa mwaka, kwa kuwa lilimgusa mtu asiye na kosa. Mhazini wa parokia mojawapo alihojiwa na kamati yake kuhusu michango ya mkesha wa mwaka mpya. Daftari lake lilionyesha kuwa fedha ziliingia tarehe 1 Januari, saa sita na nusu usiku. Orodha iliyotoka ofisini kwetu ilisema tarehe 31 Desemba. Hesabu za mwaka hazikulingana, watu wakaanza kunong'ona. Kosa lilikuwa letu.

Michango inayotumwa kwa simu hupokelewa na kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta kubwa ya ofisi. Kwa njia hii mashine moja hufanya kazi ya tatu, nasi tunaokoa gharama. Mwezi Desemba tuliweka toleo jipya la programu hiyo. Kila kitu kiliwaka vizuri, tukashukuru, tukaenda nyumbani. Hatukutazama saa.

Kompyuta pepe haina betri ya saa. Kila inapowashwa huuliza saa kwa programu inayoibeba, nayo huweza kujibu kwa namna mbili: saa ya kimataifa iitwayo UTC, au saa ya mahali. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa muda wa saa 3, mwaka mzima. Linux kwa kawaida hutarajia kupewa UTC, kisha hujiongezea hizo 3. Windows hutarajia saa ya mahali na haiongezi kitu. Baada ya toleo jipya, Windows yetu ilikuwa inapewa UTC. Basi saa sita na nusu usiku ikaandikwa saa tatu na nusu, na tarehe ikarudi nyuma siku moja.

Kwanza tulisogeza saa kwa mkono. Tulipozima na kuwasha, ikarudi kule kule. Ndipo tukajifunza kuupima upungufu wenyewe kabla ya kugusa chochote. Ukiwa ni wa dakika chache, saa imechelewa tu, pengine kompyuta pepe ilisimamishwa kwa muda. Ukiwa wa saa 3 kamili, ni mpangilio. Ukiwa wa saa 6 kamili, msilaumu mashine: kuna mtu ameandika 6:30 kwa saa ya Kiswahili, na kompyuta ikaisoma kuwa alfajiri!

Kwa tatizo la saa 3, tazameni ndani ya kompyuta pepe kama ukanda wa saa ni wa Nairobi au Dar es Salaam. Kama ni sahihi na saa bado si sahihi, izimeni, mfungue mipangilio yake katika programu inayoibeba, mtafute sehemu inayotaja UTC. Kwa Windows alama iondolewe. Kwa Linux iwekwe. Kisha chagueni chanzo kimoja cha kusahihisha saa, ama intaneti ama programu hiyo, maana vikiwa viwili vinaweza kuvutana.

Kusahihisha kumbukumbu kulituchukua muda mrefu zaidi. Tulitafuta michango yote, tangu siku ya toleo jipya, iliyoandikwa kati ya saa tatu na saa sita usiku, kwani hiyo pekee ndiyo iliyohama tarehe. Kila mmoja tuliulinganisha na ujumbe wa simu. Hatukufuta kitu, sahihisho liliandikwa chini, maandishi ya kwanza yakabaki yanasomeka, na mkaguzi wa hesabu akaona yote mawili.

Wafadhili wetu walioko Ujerumani wataendelea kuona tofauti ya saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi. Hiyo ni halali, wao hubadilisha saa zao, sisi hatubadilishi.

Kamati zote zilizopokea orodha ya Desemba zimetumiwa nyingine. Tunaomba ile ya kwanza irudishwe ofisini. Barua ya kumwomba radhi mhazini tuliisoma wenyewe mbele ya kamati yake.