Pesa Zinapopungua: Kuhamia Nyumba Ndogo Pamoja



Somo letu la leo ni juu ya nyumba ndogo. Tafadhali akina mama msikunje uso; ile "nyumba ndogo" ya mpango wa kando tutaizungumza siku nyingine. Leo ninasema juu ya familia inayoishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, mapato yanapungua, nayo inalazimika kuhamia chumba kimoja au viwili katika ploti ya zamani. Jambo hili limeingia katika jumuiya zetu nyingi, na limevunja ndoa ambazo zingeweza kupona.

Kwanza tuangalie pesa. Chukueni mfano wa mtu anayepata shilingi 40,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka 2022 mtu huyu alikatwa shilingi 200 za NSSF. Tangu Februari 2025 anakatwa 2,400. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni shilingi 600. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, inachukua asilimia 2.75, yaani shilingi 1,100. Hayo makato matatu peke yake ni 4,100, na kodi ya mapato bado. NSSF ni akiba ya uzeeni, ni kweli, lakini mwenye nyumba hapokei akiba ya uzeeni. Sasa, bibi ambaye hajaonyeshwa karatasi ya mshahara atadhani tofauti hiyo inaachwa baa. Naye bwana asiyejua bei ya unga na mafuta ya kupikia atadhani bibi anaficha pesa kwenye chama. Basi ketini mezani usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, mweke karatasi hiyo katikati yenu pamoja na risiti za kodi, karo na mikopo yote. Nimesema yote. Hata ile ya simu.

Kusema mapema

Mzigo ni mkubwa zaidi kwa yule aliyepoteza kazi kabisa. Wapo akina baba wanaoamka kila asubuhi, wanavaa tai, wanapanda matatu na kushinda wameketi katika bustani ya Jeevanjee mpaka jioni. Wanafanya hivyo kwa haya, na pengine kwa upendo, kwa kuwa hawataki kumtia mama wasiwasi. Lakini mwishowe mama anaambiwa na keateka, au anarudi kutoka sokoni na kukuta kufuli ya pili mlangoni, majirani wakimtazama. Nimewasikiliza akina mama kadhaa waliopatwa na hayo. Kukosa kazi kwa bwana walikuwa wamekwisha kumsamehe. Kilichowachoma ni kwamba keateka alijua kabla yao.

Iko pia sababu ya hesabu. Kuhama kunahitaji pesa taslimu. Mwenye nyumba mpya anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dipositi, mara nyingi ya mwezi mmoja, na pengine dipositi ya maji na stima. Yule wa nyumba mnayotoka anataka notisi, kwa kawaida ya mwezi mmoja, na kama mna deni lake atalikata katika dipositi yenu. Kwa hiyo familia yenye deni la miezi mitatu imefungwa: haina pesa za kubaki wala za kuondoka. Familia inayotoa notisi kabla ya deni ina dipositi yake, ikipunguzwa tu pesa za rangi na kitasa kilichovunjika. Notisi hiyo iandikwe, mbaki na nakala.

Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mfanyakazi anayeachishwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa anastahili notisi ya angalau mwezi mmoja, pamoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Mtu wetu wa 40,000 akiwa amefanya kazi miaka sita atapata kama 120,000. Siku ya kwanza pesa hizo huonekana nyingi, na familia husema, "Tukae hapa hapa mpaka kazi ipatikane." Kodi 18,000, karo, chakula, mgonjwa mmoja kule nyumbani; baada ya miezi mitatu au minne zimekwisha. Ushauri wangu, na najua wengine hamtaupenda, ni kwamba mhame mapema, pesa hizo zikiwa bado benki. Na kwa kuwa mwajiri hakati tena SHA, nendeni mkapange kulipa wenyewe. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Msiliache hilo kwa kudhani ni la baadaye.

Mama apelekwe mashambani?

Njia inayotumiwa sana katika nchi yetu ni hii: baba anabaki mjini katika chumba kidogo au kwa rafiki, na mama na watoto wanapelekwa kwa wazazi wa baba "kwa muda". Wazee husifu mpango huo, kwa maana huko hakuna kodi na mboga ziko shambani. Lakini huo "muda" haupewi tarehe. Mama anakuwa mgeni katika jiko la mama mkwe. Baba anazoea kula hotelini na kurudi chumbani saa anayotaka. Watoto wanamjua baba kwa sauti ya simu. Na hata pesa zenyewe hazikai, kwa sababu sasa mnanunua sukari mara mbili, unga mara mbili, halafu nauli ya kwenda Busia au Kitui, ambayo mwanzoni ni ya kila mwezi na baadaye inakuwa ya Krismasi.

Katika kuwafundisha wachumba tunawaeleza kwamba ahadi ya ndoa inataja shida pamoja na raha. Haisemi raha mjini pamoja, na shida kila mtu kwake. Ndiyo sababu nasema chumba kimoja mkiwa pamoja kijaribiwe kwanza. Nafahamu ziko familia zisizo na njia nyingine: mzazi mgonjwa asiye na wa kumtunza, au bwana aliyepata kazi ya ulinzi ya kulala huko huko. Ikiwa ni lazima, basi andikeni tarehe ya kurudiana katika kalenda, na pesa za nauli ziwekwe kando kabla ya zile za chama.

Kodi ndogo ina gharama zake, na hesabu hii lazima mwifanye kwa penseli. Tuseme mnatoka nyumba ya 18,000 kwenda ya 7,000. Mnaona mmeokoa 11,000. Ngojeni kidogo. Mama akiongeza nauli ya shilingi 50 kwenda kazini na 50 kurudi, kwa siku 24, hizo ni 2,400. Watoto wawili wakibaki katika shule yao mpaka muhula uishe, kila mmoja kwa nauli ya 30 kwenda na 30 kurudi, siku 20, ni 2,400 nyingine. Ikiwa bomba ni kavu na mnanunua mitungi mitano ya maji kila siku kwa shilingi 10, ni 1,500. Ile 11,000 imekuwa 4,700. Bado ni pesa, na muhula ukiisha itapanda, lakini yule aliyekwisha kuwaahidi ndugu zake 11,000 atagombana na mkewe kabla ya mwezi kwisha.

Katika kuchagua, msidharau ploti za zamani. Dandora, kwa mfano, ilianzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu waligawiwa viwanja vyenye maji na choo, wakajijengea vyumba kuzunguka ua. Pengine ukuta una nyufa na mabati yana kutu, lakini ua una jua, una kamba ya nguo, na mtoto hucheza mkimwona. Kule Pipeline, Embakasi, katika zile ghorofa ndefu zilizobanana, mnaweza kupata chumba kipya chenye vigae ambacho saa sita mchana ni giza. Mnawasha taa mchana kutwa na tokeni zinayeyuka. Nendeni nyote wawili mkakione chumba, mara moja mchana na tena jioni baada ya saa moja. Tazameni dari kama ina madoa ya mvua. Ulizeni maji hutoka siku gani, choo ni cha milango mingapi na nani hukiosha. Mita ya stima ni yenu peke yenu au ya ploti nzima? Aliyetoka aliacha deni? Mulikeni tochi katika nyufa mtafute kunguni, na dawa ipigwe kabla ya godoro kuingia. Kisha ulizeni bei ya vyumba viwili vinavyopakana katika ploti ya namna hii. Mara nyingi ni nafuu kuliko nyumba ya chumba kimoja cha kulala katika ghorofa mpya.

Vitu visivyoenea, uzeni. Msivipeleke kwa shemeji vihifadhiwe; siku mtakayovifuata mtakuta kochi limechanika na meza ina mguu mmoja wa mbao nyingine. Ila kila mmoja wenu apewe kitu kimoja kisichojadiliwa, hata kama kinachukua nafasi. Kama mama amechagua kabati alilopewa na mama yake siku ya harusi, kabati litaenda.

Chumba kimoja, watu watano

Sasa tuje kwa jambo ambalo wengi hawapendi kuliuliza mbele ya padri. Kitanda cha wazazi na watoto watatu sakafuni, katika chumba kimoja, vinaweza kuua unyumba. Mama anakataa kwa aibu, na ana haki, kwani mtoto wa miaka saba hajalala kama mnavyodhani. Baba naye anaona amekataliwa. Anajumlisha na kule kupoteza kazi, anaanza kuchelewa nje. Hapo ndipo ile nyumba ndogo niliyoitaja mwanzoni huingia.

Zungumzeni juu ya jambo hili kabla ya kuhama, kwa maneno ya wazi. Nunueni waya imara na pazia zito la kutoka dari hadi sakafu, ukuta hadi ukuta. Kitanda cha ghorofa cha mitumba kitawatoa watoto sakafuni na kuwapa upande wao. Tafuteni saa yenu wakati watoto hawapo. Jumamosi, kwa mfano, mafundisho ya watoto kanisani huchukua muda wa kutosha, na sisi makatekista hatuulizi wazazi wako wapi. Na kwa zile wiki ambazo haiwezekani, mwambiane kwamba haiwezekani, mwenzako asibaki akijiuliza kama ni yeye amechukiwa.

Kwa watoto waliobalehe msikubali njia ya mkato. Kijana anapelekwa kulala kwa jirani, binti kwa rafiki wa mama, "kwa sababu ya nafasi". Huko hamjui nani anaingia usiku. Kama kuna mvulana na msichana wa umri huo, kile chumba cha pili cha kupakana si anasa. Punguzeni kitu kingine. Hati ya Haki za Familia iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983 inataja haki ya familia kupata makazi yanayolingana na idadi ya watu wake. Kubana matumizi kuna mwisho wake, na watu saba katika futi kumi kwa kumi wameupita.

Waambieni watoto sababu ya kuhama kabla hawajaisikia kwa wenzao shuleni. Mpwa anayekaa nanyi aambiwe pia, na wazazi wake waombwe kusaidia au kumchukua. Msichana wa kazi, kama hamwezi tena kumlipa, apewe notisi na pesa zake zote. Asiwe wa kwanza kubeba shida yenu. Walio katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wachukue barua kwa katekista wa parokia mpya, wasije wakaanza upya.

Maswali ya kuzungumza, ninyi wawili tu

Je, kila mmoja wetu anaweza kutaja bila kuangalia popote ni pesa ngapi zilifika mkononi mwezi uliopita, na kodi ya nyumba ilichukua ngapi kati ya hizo?

Kuna deni lolote ambalo mwenzangu hajaambiwa?

Tungelazimika kuhama mwezi ujao, ni nani tungeona haya akituona tukipakia vitu kwenye pikapu, na haya hiyo inatugharimu shilingi ngapi kila mwezi?