Koroga Vizuri, Jiko Liwake

Mtambo wa biogesi wa kuba, kama ule wa kituo cha CAMARTEC cha Arusha, hauna mashine ya kukoroga. Kazi hiyo ni yako, na huanzia kwenye tangi la kuchanganyia.

• Ndoo moja ya samadi mbichi, ndoo moja ya maji. Koroga mpaka mabonge yaishe kabisa, ndipo uzibue bomba la kuingizia. Bonge likizama zima, bakteria hulila kwa nje tu.

• Toa majani, mabua na mchanga. Majani huelea yakafanya utando mgumu unaozuia gesi kupanda. Mchanga hutuama na kula nafasi.

• Gesi itumie kila siku. Ikijaa, husukuma tope hadi tangi la kutokea. Ukipika, tope hurudi. Huko kwenda na kurudi ndiko kunakoukoroga mtambo kwa ndani. Kubana gesi siku nyingi ni kuuacha mtambo ulale.

• Moto ukififia, ingiza mti mrefu kwenye bomba la kuingizia, sukuma na kuvuta kwa dakika kadhaa.

• Usiingie ndani kamwe, hata mtambo ukionekana mtupu. Hewa yake huua.