Darajani pasipo na daraja

Mgeni anayekwenda Darajani, mjini Zanzibar, kutafuta daraja hatalipata. Nilipokuwa Unguja kukusanya majina ya mitaa kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, nililikuta soko lililofunguliwa mwaka 1904, maduka ya vitambaa, na barabara pana ambayo wengi huiita Creek Road, ingawa rasmi ina jina la Benjamin Mkapa. Hapo zamani paliingia hori la bahari, likautenga Mji Mkongwe na sehemu nyingine ya kisiwa, na watu walivuka kwa daraja. Wakati wa utawala wa Waingereza, ulioanza 1890, hori lilifukiwa hatua kwa hatua. Daraja likakosa kazi, jina likabaki: abiria wa daladala bado husema «nishushe Darajani», wala hakuna anayecheka.

Tulichambue. Mzizi ni daraja, neno la Kiarabu lenye maana ya kipandio au cheo. Ndiyo sababu tunasema pia «amefaulu daraja la kwanza». Mwarabu akitaka kutaja kitu cha kuvukia mto husema jisr. Kwa hiyo maana ya kuvukia ilikua ndani ya Kiswahili chenyewe, na naona njia yake ni rahisi: kipandio humtoa mtu mahali pamoja na kumfikisha pengine. Kisha kuna kiambishi -ni, kinachoigeuza nomino kuwa mahali na kuipa upatanisho wa mahali: Darajani pamejaa, Darajani kumejaa. Jina la kitu haliwezi kuishi bila kitu kwa urahisi hivyo. Jina la mahali linaweza, kwa sababu mahali pale pangalipo.

Lililonishughulisha zaidi ni jina la upande wa pili, Ng'ambo. Ng'ambo ni ng'ambo kwa nani? Kwa aliyesimama kwenye nyumba za mawe. Waliokaa huko walikuwa wengi wao watu wa kazi, watumwa na walioachwa huru, watu wa asili za bara, wakiwemo Wamanyema kutoka kwetu. Nao pia husema wanaishi Ng'ambo, na wakivuka barabara husema wanakwenda mjini. Linganisheni na mto Kongo: mtu wa Kinshasa huiita Brazzaville ngambo kwa Lingala, na mwenzake wa Brazzaville humrudishia neno hilohilo. Kila mmoja anaanzia miguuni pake. Unguja neno limeganda likitazama upande mmoja, na hori lilipofukiwa, mtazamo huo haukufukiwa nalo. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mipaka ya urithi huo haikuichukua Ng'ambo.

Sasa turudi nyumbani. Misafara ya kina Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja aliyetawala Kasongo, ilileta Kiswahili Maniema, lakini katika mazungumzo ya kila siku watu wengi wa mashariki hawakuchukua daraja. Tunasema kilalo. Katika sekondari, mwalimu mmoja alikuwa akilikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni «si Kiswahili». Wanyarwanda na Warundi husema ikiraro, na kwao kurara ni kulala usiku, kama kulala kwetu. Nadhani picha ya kwanza ilikuwa gogo lililolazwa juu ya mto. Basi neno linalokatwa ni la Kibantu, na linalowekwa badala yake limetoka Uarabuni.

Hata sarufi inayolizunguka inastahili kuandikwa kwa uangalifu. Pwani watasema «tukutane darajani». Bukavu utasikia «tukutane ku kilalo». Ile ku, pamoja na pa na mu, si uvivu wa kusahau -ni. Viambishi vya mahali vinavyotangulia nomino vipo katika lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka, na wataalamu huvihesabu kuwa vya zamani kuliko -ni, ambayo imeenea hasa mashariki na kusini.

Katika faharasa ya kazi yangu nimeyaandika maneno yote mawili kama vidahizo kamili. Kilalo sikukiwekea alama ya «lahaja», kwa kuwa sikuiweka kwenye daraja.